Kondoa Uliyoniuliza

Nshambya, Bukoba

Koku mwanangu,

Umekwenda Kanazi kumuaga bibi yako, na najua hatakuachia mapema. Atataka ule, ukimaliza atataka ule tena. Nyumba imekuwa kimya tangu ulipotoka. Nimeona nikae mezani niandike jua likiwa bado lipo, maana kesho bandarini kutakuwa na watu wengi, na mimi mbele ya watu huwa sisemi la maana. Barua hii nitaiweka katikati ya nguo zako. Utaikuta kwenye treni, au hukohuko Songea.

Usishangae kuona nimeandika Kiswahili. Mimi na wewe tumezoea Kihaya, Kiswahili tunakiachia dukani na ofisini. Lakini mambo ninayotaka kukuambia yalinipata kwa Kiswahili. Mara nyingi nimejaribu kuyapanga kichwani kwa Kihaya, yanakataa kukaa.

Habari za kuchemsha maji na kufunga sanduku sitaandika. Hayo shangazi yako amekwisha kuyasema yote, na mengine ameyasema mara mbili.

Unakumbuka likizo ile ulipokuwa unajitayarisha kwa mtihani wa ualimu? Ulilaza karatasi kubwa juu ya meza hii, ukachora Tanganyika nzima, ziwa letu pembeni huku juu, bahari upande ule. Ulikuwa unasema kwa sauti ili usisahau: mkonge Tanga, pamba Mwanza, kahawa Moshi na kwetu Bukoba. Mimi nilikuwa namenya ndizi. Ukaniuliza bila kuinua kichwa, "Mama, wewe ulikaa Kondoa. Kondoa kunatoka nini?"

Nikakujibu, "Uwele."

Ukaandika uwele. Mimi nikabeba ndizi zangu nikaenda jikoni, nikakaa huko mpaka ukaja kuuliza mbona chakula kinachelewa. Nilikuambia kuni ni mbichi. Kuni zilikuwa kavu, Koku. Nilikuwa nimekaa tu.

Uwele ni kweli unatoka Kondoa, mwalimu wako asikukate alama. Lakini yapo mengine, na sasa unaondoka, sitaki uondoke na uwele peke yake.

Baba yako unamkumbuka kidogo, kikohozi chake hasa, na kofia. Mimi nilimjua akiwa kijana karani wa posta, hodari wa kugonga simu ya waya, na serikali ikimhamisha kama watu wanavyohamisha kigoda. Tulipooana alikuwa ameshapangiwa Tabora. Mimi nilikuwa msichana wa Muleba ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa kuja Bukoba mjini. Nilisoma misheni, nikajua kuandika na kushona na kuimba. Kiswahili nilikijua cha kwenye kitabu. Nilipanda meli nimevaa viatu vya kubana, nikatapika mpaka Mwanza.

Melini ndipo niliposikia jinsi watu wa nje wanavyosema juu ya wanawake wa Kihaya wanaokwenda mijini. Wanaume wawili walikuwa wakizungumza nyuma yangu, hawakujua nasikia, au walijua. Sitayaandika maneno yao. Wewe ni mtu mzima, unayajua, na huenda utayasikia tena wewe mwenyewe. Ninachokuambia ni kile yalichonifanyia. Nilifika Tabora nikiwa nimekwisha kuamua kwamba kila atakayenitazama anadhani nimekuja mjini kujiuza. Nikafunga mlango. Baba yako alitoka asubuhi kwenda kazini, akarudi jioni, akanikuta palepale aliponiacha.

Nyumba ya pili alikaa mama mmoja Mnyamwezi. Siku chache baada ya sisi kufika alikuja mlangoni, akainama, akapiga makofi polepole, akasema neno: "Mwangaluka." Mimi nikadhani ananichezea. Makofi ya nini? Nikamtazama, nikarudi ndani, nikafunga.

Jioni nikamweleza baba yako kwa hasira. Akaacha kula. "Amekuamkia," akasema. "Hivyo ndivyo wanavyomwamkia mtu wanayemheshimu. Wewe ulijibu nini?"

"Sikujibu."

Hakunigombeza. Alisema tu, "Basi kesho umwamkie wewe." Lakini kesho yake niliona aibu, na keshokutwa, na aibu ikikaa inaota mizizi. Ilipita miezi mpaka nikathubutu, kisimani, nikainama na kupiga makofi kama nilivyomwona akifanya. Wanawake wote pale walicheka, na yeye akacheka, halafu akanijibu kwa heshima zote. Tungeweza kuwa marafiki. Punde si punde barua ya uhamisho wa Kondoa ikafika.

Kutoka Dodoma tulipanda lori la mizigo. Mimi nilikuwa na mimba ya kaka yako, kwa hiyo nilipewa kiti cha mbele. Sikuwahi kuona nchi pana na kavu namna ile. Kwetu huwezi kutazama mbali, migomba inakuzuia, na nyumba ya jirani unaijua kwa moshi. Kule jicho linakwenda mpaka linachoka. Vumbi jekundu liliingia puani, kwenye unga, kwenye kurasa za kitabu changu cha nyimbo. Nilitafuta mgomba njia nzima. Nilijiambia nikiuona hata mmoja nitanyamaza, sitalia tena.

Kondoa nilifunga mlango vilevile. Unaona, sikuwa nimejifunza kitu. Lakini Kondoa kulikuwa na Mama Hadija.

Alikuwa Mrangi, mke wa tarishi wa boma, mwanamke mrefu mwenye sauti nzito kama ya mwanamume. Hakupiga hodi. Aliingia, akasimama katikati ya chumba, akanitazama tumbo, akalitazama na jiko langu lililozimika.

"Nimesikia kuna mgeni hatoki nje," akasema. "Nimekuja kuona kama ni mgonjwa."

"Si mgonjwa," nikasema.

"Basi chukua mtungi, twende maji."

Nikachukua mtungi. Sijui kwa nini nilimtii, labda kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa cha kuazima kama changu. Alikuwa anatafuta maneno, na mimi natafuta, na pale tulipokosa wote wawili tulionyesha kwa mkono. Njiani ndipo nilipoona chemchemi, na karibu na chemchemi, migomba. Michache, myembamba, mtu wa kwetu angeicheka. Nilisimama nikaishika. Mama Hadija akangoja. Hakuuliza neno, akangoja tu na mtungi wake kichwani.

Alinifundisha kusaga uwele juu ya jiwe na kupika mlenda. Mimi nilimfundisha kufuma. Alinicheka kwa kuwa naona ugali kama adhabu, nami nikamcheka siku nilipompa kahawa yetu ya kutafuna niliyotumiwa na mama yangu, maana aliitia mdomoni, akaitema, akaniuliza ni dawa ya nini. Kaka yako alizaliwa pale Kondoa, na mkono wa kwanza kumpokea baada ya mkunga ulikuwa wa Mama Hadija. Tulimwita Mugisha. Alijifunza kutembea kwenye lile vumbi. Maneno yake ya kwanza yalikuwa mchanganyiko, Kihaya cha kwangu na Kirangi cha watoto wa jirani, na baba yako alifurahi sana, akasema huyu atakuwa mkalimani.

Unajua kwamba ulikuwa na kaka na kwamba alifariki. Siku ilivyokuwa hatujawahi kukuambia.

Baba yako alikuwa amepelekwa Dodoma na lori la barua. Mvua ikanyesha kule juu, mto ukajaa, njia ikafungwa. Mugisha akapata homa, homa ikapanda haraka, akaanza kukakamaa. Mganga wa zahanati alifanya alichoweza. Alfajiri mtoto akatulia, na mimi nikadhani amepata nafuu. Nilikaa naye mapajani namwimbia, mpaka Mama Hadija akaja kuuliza hali. Yeye ndiye aliyeniambia. Aliweka kiganja juu ya kifua cha mtoto, akakiacha pale muda mrefu, akasema, "Mama Mugisha, mwache apumzike."

Asubuhi ile wanawake walijaa nyumbani. Warangi wengi, na mke wa mpishi wa boma, Mnyaturu, na mama mmoja wa Kigogo ambaye sikuwahi hata kusalimiana naye. Wote Waislamu au watu wa dini zao za zamani, hapakuwa na Mkristo. Nami nilikuwa na hofu ya jambo moja. Kwetu unajua mtu anavyozikwa. Analazwa kwenye kibanja, katikati ya migomba, karibu na nyumba, ili asiwe peke yake. Mtoto wangu ningemlaza wapi? Kwenye nyika, jua linampiga? Kwa desturi gani, na nani wa ukoo angeshika jembe? Niliogopa watamchukua wamzike kwa namna yao, nami sina mume pale, sina lugha, sina kauli.

Mama Hadija akawanyamazisha wote. Akachuchumaa mbele yangu.

"Mimi sijui kwenu mnamzikaje mtoto," akasema. "Niambie. Tutafanya hivyo."

Sikuwa na maneno ya kutosha. Nilisema, "Kwetu, migombani."

Akageuka, akasema nao kwa Kirangi. Wakajadiliana. Mimi sikuelewa hata neno, nikadhani wanakataa. Kumbe walikuwa wanapanga. Pale chemchemi hapakuwezekana kuzika kwa sababu ya maji. Kwa hiyo wanaume walichimba kaburi kwenye kiwanja nyuma ya nyumba ya Mama Hadija, kwenye ardhi ya mume wake, na mzee mwenye migomba ile ya chemchemi akaja mwenyewe amebeba chipukizi begani, mizizi imefungwa kwenye udongo wake. Hakunijua. Hakusema lolote zaidi ya pole. Akachimba shimo kichwani pa kaburi, akaupanda, akaushindilia kwa mguu.

Lubugo, ile nguo yetu ya gome la mti, hapakuwa nayo. Mama Hadija alikuwa na kanga mpya aliyoiweka kwa ajili ya sikukuu. Akamfunga nayo Mugisha. Wakaniuliza kuna sala gani. Nikaimba wimbo mmoja wa kanisani kwa Kihaya, peke yangu, sauti imekauka, mbele ya watu ambao hawakujua hata mmoja nasema nini. Hawakuondoka. Walisimama mpaka nikafika mwisho wa ubeti, na nilipoanza mwingine wakaendelea kusimama.

Baba yako alirudi mto ulipopungua. Akakuta yamekwisha. Aliniuliza swali moja, "Nani amemzika?"

"Majirani," nikasema.

Kisha akavaa kofia yake ya posta, akatoka, akapita nyumba baada ya nyumba kushika mikono ya watu. Kwa yule mzee wa migomba alikaa mpaka jioni. Sijui walizungumza nini. Hakuniambia na mimi sikumuuliza.

Hiyo ndiyo Kondoa, mwanangu. Ungenipa karatasi yako ningeiandika wapi? Pale kwenye nukta ndogo hapana nafasi.

Na kuna jingine ambalo sikulitegemea, nalo ndilo hasa lililonikalisha mezani leo. Niliporudi nyumbani niliona upweke mkubwa kuliko ule wa kule.

Baba yako alianza kuugua, wakamrudisha Bukoba, ukazaliwa wewe, na baada ya muda akatuacha. Kwenye msiba wake, ndugu wamejaa Kanazi, shangazi yake mmoja akaniuliza mbele ya wanawake wote, "Na yule mtoto wa kwanza, mlimwacha kwa watu gani?"

Nikaanza kueleza. Nikasema habari za Mama Hadija, za kanga, za mzee aliyebeba mgomba begani. Nilitaka wajue kwamba hakutupwa. Nikiwa bado nasema, mwanamke mmoja akatikisa kichwa akasema, "Maskini, porini kwa watu wasiojulikana." Wengine wakaguna kwa huruma. Hawakuwa na ubaya. Walinionea huruma kwa kitu ambacho hakikuwa cha kuhurumiwa, na kile cha kuhurumiwa hawakukiona. Nikanyamaza. Nimenyamaza tangu siku hiyo, ndiyo maana hata wewe hujui.

Mara moja tu nilipata mtu. Ulikuwa bado shule ya msingi, pengine hukumbuka. Nilikuwa sokoni nikasikia askari polisi kijana anamwamkia mwenzake kwa Kirangi. Miguu yangu ilimfuata kabla sijaamua. Nikamwamkia kwa maneno yale machache niliyobaki nayo. Aligeuka kama mtu aliyeitwa jina.

"Mama, wewe ni wa kwetu?"

"Hapana. Lakini napajua kwenu."

Alikuja nyumbani Jumapili. Nilimpikia ugali, akaula kwa adabu, kisha akashindwa kujizuia, akacheka. "Mama, huu ni uji uliokasirika." Nami nikacheka mpaka nikashika ukuta. Alikuja Jumapili nyingi. Alisema hapa kwetu watu ni wema lakini hawamuulizi kitu, wanamwona sare tu. Hata mvua yetu ilimchosha, na senene, panzi wetu wa kuliwa, zilipoanguka mwezi wa kumi na moja na watu wakatoka mbio kuzikamata, alisimama barabarani akashangaa kama mtoto. Nilimkaangia sahani nzima. Akala moja, akaomba radhi.

Nilimweleza kiwanja nyuma ya nyumba ya Mama Hadija. Alitoka vijiji vya kaskazini, mjini hakupajua vizuri, lakini aliniahidi akienda likizo atapita kutazama. Kabla ya likizo akahamishwa. Hakurudi tena Bukoba. Kwa hiyo sijui kama mgomba ule ulishika au ulikauka mwaka uleule. Kule jua ni kali. Mama Hadija nilimwandikia nilipofika nyumbani, akanijibu kwa mkono wa mtoto wake, na baadaye majibu yakakoma.

Baba yako mdogo alikuja juzi ulipokuwa umekwenda kwa fundi cherehani. Hakuja kwa ugomvi. Aliketi, nikamkaribisha kahawa, akatafuna, akasema, "Shemeji, shule ziko hapahapa. Kanazi wanataka walimu, Muleba wanataka walimu. Mtoto mmoja uliyebaki naye, unamtuma kwa Wangoni kufanya nini?"

"Kufundisha," nikasema.

"Na asiporudi?"

Nilimwongezea kahawa. Ningetaka kukuambia kwamba nilikuwa na jibu zuri, lakini sikuwa nalo, na sinalo hata sasa. Ningesema neno moja tu, ungebaki. Nakujua. Ulinitazama ile siku barua yako ya kazi ilipofika, ukangoja niseme. Nilisema hongera, nikatoka nje kutazama kuku. Nimekuwa nikitazama sana kuku mwezi huu.

Songea sijafika. Sijui wanapika nini siku ya mvua wala wanasimama vipi wakiaga. Sijui wanaamkiana vipi. Ningejua ningekuandikia hapa, usifike ukatazama makofi ya mtu ukafunga mlango. Najua tu kwamba mtu atakuja mlangoni kwako, wiki ya kwanza au ya pili, na atafanya jambo ambalo halitakuwa na maana kwako. Mruhusu aingie. Kama hatapiga hodi, pia sawa.

Utakapoandika, habari za afya yako ziandike mstari mmoja, zinatosha. Niandikie juu ya watu. Nani anakaa nyumba ya pili, anasema nini, watoto wako darasani wanamwitaje mama. Mwandike na yule asiyekupendeza. Siku utakaporudi likizo ndugu watakuja, watauliza kama umenenepa, na watakuuliza kule ni baridi au joto, ukijibu watageukia mengine. Usiwachukie. Ngoja waondoke. Mimi nitakuwa hapa, na nitataka kusikia yote, hata kama itatuchukua likizo nzima, hata kama itakulazimu kuyasema kwa Kiswahili.

Nasikia mbwa wa jirani, labda ni wewe unapanda kilima. Hapana, ni watu wa Kitendaguro wanarudi kutoka mjini. Lakini hutakawia sasa, na ndizi bado sijaweka jikoni, kwa hiyo namalizia.

Kesho nitakusindikiza mpaka bandarini. Nitashika sanduku upande mmoja na wewe mwingine. Ukishapanda meli sitangoja ing'oe nanga, na wewe usinitafute kwa macho kati ya watu, hutaniona. Nitakuwa nimepita soko la samaki wakati bado wapo wabichi. Nitawaambia wanichagulie sato mdogo, wa kumtosha mtu mmoja.

Mama yako.